Je, nahitaji wakili wa uhamiaji, au mtu wa kujaza fomu anatosha?

Swali: Shikamoo wakili. Niliingia Marekani kwa viza ya matembezi miaka miwili iliyopita. Nilipewa miezi sita, ikaisha, nikabaki. Miezi minne iliyopita nimefunga ndoa na raia wa hapa. Kuna kaka mmoja huku kwetu anawajazia watu fomu. Bei yake ni theluthi ya ile niliyotajiwa kwenye ofisi ya wakili, na anasema ana mtu wake ndani. Kanishauri pia tupeleke kwanza ombi la hifadhi ili kibali cha kazi kitoke mapema. Mama anaumwa nyumbani na natamani nikamwone. Kweli nahitaji wakili? Nitamjuaje wa kweli, anafanya nini hasa, na haya yote yanachukua muda gani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kuuguliwa na mama. Nianze na lisilosubiri: usikate tiketi bado. Sababu nitaieleza mwishoni, kwa kuwa haieleweki mpaka mengine yaeleweke.

Sheria haimlazimishi mtu kuwa na wakili. Fomu zote za USCIS, idara inayoshughulikia uraia na uhamiaji, zipo bure kwenye tovuti yake pamoja na maelekezo, na mtu anaruhusiwa kujaza na kutuma mwenyewe. Wapo wanandoa ninaowafahamu waliokaa mezani Jumamosi mbili, wakajaza, wakatuma, wakaitwa kwenye usaili, kadi ikaja. Lakini hao historia yao ilikuwa nyepesi. Hawakuwa wamepitiliza muda, hawakuwahi kukamatwa na polisi, hawakuwa na ombi la zamani lililokataliwa wala ndoa ya kwanza isiyo na hati ya talaka. Wewe umepitiliza muda, unataka kusafiri, na tayari una mtu anayekusukuma kwenye ombi ambalo hata hajakuuliza kama lina ukweli. Kwa hali hiyo jibu langu ni ndiyo, tafuta wakili, hata kama ni kwa saa moja ya ushauri tu halafu mkajaze wenyewe. Hilo linaruhusiwa, na mawakili wengi hutoza ada ndogo kwa ushauri wa namna hiyo.

Watu wengi hudhani wakili analipwa kwa kujaza fomu, ndiyo maana bei ya mtu wa fomu inawavutia. Kujaza ni kazi ya alasiri moja. Wakili unamlipa asome maisha yako kabla hujaweka sahihi. Ile fomu ni tamko lako, unalithibitisha chini ya adhabu ya kusema uongo, na linakaa kwenye jalada lako miaka yote. Siku utakapoomba uraia, afisa atalifungua jalada hilohilo na kukuuliza upya.

Nikuonyeshe kwa karibu. Alikuja ofisini mwanaume mmoja (nimebadilisha mambo madogo asitambulike) na bahasha nene iliyoandaliwa na mtu wa fomu. Ndoa ya kweli, picha za harusi, mkataba wa nyumba wenye majina mawili, kila kitu kimebanwa vizuri. Alitaka mtu wa kumsindikiza kwenye usaili tu. Nikamuuliza kama amewahi kufanya kazi. Akasema ndiyo, ghalani, miezi mitatu. Kufanya kazi bila kibali kwenyewe hakumfungi mlango mtu aliyeoa raia, kwa hiyo hapo sikushtuka. Nikamuuliza waliandikishana vipi. Hakumbuki. Nikamwekea mezani fomu ya I-9, ile ambayo kila mwajiri Marekani humjazisha mfanyakazi mpya. Ina visanduku vinne, na cha kwanza kinasema mimi ni raia wa Marekani. Akaweka kidole hapohapo. "Msimamizi alisema nitie alama hiki, tuna haraka."

Kile kisanduku kimoja kina uzito kuliko miaka yote aliyopitiliza. Kwa sheria iliyopo, anayejidai kuwa raia wa Marekani ili apate kazi au faida nyingine, kuanzia tarehe 30 Septemba 1996, hufungiwa ukaazi wa kudumu, na kwa waombaji wa grinikadi, yaani kadi ya ukaazi huo, kwa njia ya ndoa hakuna msamaha wa kuomba. Haiponywi na ndoa wala watoto. Fomu ya kuomba grinikadi inauliza jambo hilo waziwazi, na mtu wa fomu alikuwa ameshaweka "Hapana" bila kumuuliza mwenyewe. Angeenda kwenye usaili akanyoosha mkono, akaapa, akathibitisha uongo wa pili. Tulisimamisha kila kitu, tukaomba kwanza nakala ya ile I-9 kwa mwajiri, maana kumbukumbu ya mtu na karatasi yenyewe vinaweza kutofautiana. Kesi yake ni ndefu, nisiiingize yote hapa. Nimeitaja ili ujue swali linalookoa mtu huwa haliko pale unapolitegemea. Na wewe kama uliwahi kujaza I-9, au ulijiandikisha leseni ya udereva ukaulizwa kama unataka kuandikishwa kupiga kura, mwambie wakili siku ya kwanza.

Sasa kesi yako. Kwa ulivyoieleza, haiko vibaya hata kidogo, na usimwache mtu akutishe ili akuuzie dawa. Mke au mume wa raia wa Marekani anahesabiwa jamaa wa karibu, pamoja na wazazi wa raia aliyetimiza miaka 21, na watoto wa raia walio chini ya umri huo na hawajaoa wala kuolewa. Kundi hilo halina foleni ya miaka kama ndugu wa kuzaliwa au watoto wa mkaazi wa kudumu. Halafu, jamaa wa karibu aliyeingia kwa kukaguliwa na afisa mpakani au uwanja wa ndege anaweza kuomba grinikadi akiwa humu humu nchini hata kama muda wake umeshaisha. Kwa hiyo neno linalobeba kesi yako ni namna ulivyoingia. Ushahidi wake ni muhuri kwenye pasipoti na kumbukumbu ya I-94, ambayo unaichapisha bure kwenye tovuti ya idara ya forodha na ulinzi wa mipaka. Itafute leo. Hiyo I-94 ndiyo iliyokupa ile miezi sita. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi. Muda wa kukaa unaandikwa kwenye I-94, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na viza hai ya miaka kadhaa huku muda wake wa kukaa ulishakwisha zamani.

Hilo ombi la hifadhi, kataa. Huku kwetu wanaita kujilipua, na neno lenyewe linajieleza. Hifadhi ni ya mtu anayeogopa kweli kuteswa kwao kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, siasa au kundi analohesabiwa kuwa wake, na kama una hofu ya namna hiyo, mweleze wakili, kwa sababu hapo tutazungumza tofauti kabisa. Lakini kupeleka hadithi ya kuazima ili upate kibali cha kazi ni kujichimbia. Kwanza, ombi la hifadhi linatakiwa ndani ya mwaka 1 tangu uingie, na wewe una 2; ipo misamaha, lakini lazima ithibitishwe. Pili, jaji akikuta kuwa lilitungwa kwa makusudi, aliyeweka sahihi hufungiwa milele kila faida ya sheria ya uhamiaji, hata ile ya ndoa. Tatu, na hili ndilo linaloniudhi zaidi, hukulihitaji. Ombi la grinikadi kwa ndoa lina fomu yake ya kibali cha kazi, I-765, inayotumwa pamoja nalo. Kaka yako anakuuzia hatari kubwa ili upate kitu kilichomo tayari kwenye kapu lako.

Na huyo mtu wake ndani hayupo. Angekuwepo ingekuwa rushwa, na wewe ungekuwa mshirika. Wakili mwenyewe hawezi kukuvusha foleni. Anachoweza ni kutuma ombi ambalo halirudishwi kwa kukosa sahihi, kujibu barua kwa wakati, kuomba kesi iharakishwe pale sheria inaporuhusu (hata wewe mwenyewe unaweza kuliomba hilo), na kesi ikikaa kupita kiasi, kwenda mahakama ya shirikisho kuomba USCIS iamriwe itoe uamuzi. Ukisikia mtu anakuahidi matokeo au tarehe, awe na leseni au asiwe nayo, chukua mkoba wako uondoke.

Unauliza utamjuaje wa kweli. Hapa kuna mtego unaotunasa sisi tuliotoka Afrika Mashariki zaidi ya wengine. Nyumbani, mhuri wa notari na kamishna wa viapo kwa kawaida yuko nao wakili. Tumezoea hivyo tangu utotoni: ukiona mhuri huo unajua umefika kwa mwanasheria. Marekani notari ni mtu yeyote aliyelipia kibali kidogo cha kushuhudia sahihi. Anaweza kuwa karani wa benki au muuza duka la vifurushi, na hana ruhusa ya kukushauri hata uchague fomu ipi. Watu wa Amerika ya Kilatini wanaumizwa na jambo hilohilo, kwa sababu kwao notari ni mwanasheria mkubwa. Kwa hiyo ukiona cheti cha notari kimetundikwa ukutani kwa kaka yako, kimekuambia kwamba anaweza kushuhudia ukitia sahihi, basi.

Wanaoruhusiwa kukushauri na kukuwakilisha ni makundi mawili tu kwa mtu kama wewe. La kwanza ni mawakili wenye leseni ya jimbo lolote la Marekani. Uhamiaji ni sheria ya shirikisho, hivyo wakili mwenye leseni ya Texas anaweza kukushughulikia ukiwa Maryland. Andika jina lake kwenye tovuti ya chama cha mawakili au mahakama kuu ya jimbo lililompa leseni. Itakuonyesha kama leseni iko hai, na majimbo mengi huonyesha pia kama amewahi kuadhibiwa. La pili ni wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria, wanaofanya kazi kwenye mashirika yasiyo ya faida yanayotambuliwa na wizara hiyo. Siyo mawakili, lakini wamefunzwa na wanaruhusiwa kisheria, na ada zao ni ndogo, wakati mwingine hakuna. Orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya wizara. Kama bei ndiyo iliyokupeleka kwa mtu wa fomu, nenda huko badala yake.

Kipo pia kipimo cha papo hapo ambacho hakihitaji intaneti. Anayekuwakilisha mbele ya USCIS hujaza fomu ya G-28, anatia sahihi yeye na unatia sahihi wewe, na tangu hapo barua zinakuja kwenu wote. Na hata asiyekuwakilisha, kama amekuandalia fomu, anatakiwa kuandika jina lake na kutia sahihi kwenye sehemu ya mwandaaji, kurasa za mwisho. Muulize kaka yako kama ataandika jina lake pale. Wengi wao hukuambia iache wazi, au utie kwamba umejaza mwenyewe. Maana yake ni kwamba siku mambo yakiharibika, kwenye jalada utakuwa peke yako.

Tofauti nyingine ni usiri. Unayomwambia wakili, hata kwenye mashauriano ya kwanza na hata usipomchukua, yanalindwa na sheria. Ya kwa mtu wa fomu hayalindwi na chochote. Atakapohojiwa ataeleza, na kwenye jamii ndogo kama zetu hahitaji hata kuhojiwa.

Ada sasa. Mawakili wengi wa uhamiaji hutoza bei moja kwa kazi nzima au kwa hatua, badala ya kuhesabu saa. Sitakutajia kiasi, kinatofautiana mno kati ya mji na mji, na wakili ghali si lazima awe mzuri. Angalia mkataba wa uwakilishi, na hakikisha ni wa maandishi na kwa lugha unayoielewa au umetafsiriwa. Uliza kama bei ina barua ya kudai ushahidi zaidi ikija, kama ina kukaa nawe kwenye usaili, na nini kitatokea ukikataliwa. Uliza pia ada za serikali zimo au ziko kando, maana hapa ndipo watu hugombana. Kwa jedwali la USCIS lililoanza tarehe 1 Aprili 2024, ombi la mume wako kukutambulisha kama mke, I-130, ni dola 675 kwa karatasi au 625 mtandaoni. Ombi lako la grinikadi, I-485, ni dola 1,440. Na kibali cha kazi kinachoambatana nalo ni dola 260. Kuna na daktari aliyeteuliwa na USCIS kwa ajili ya uchunguzi wa afya, yeye hulipwa peke yake. Angalieni tovuti siku mnayotuma, kwa sababu ombi lenye ada ya jana hurudishwa zima. Pesa unayotanguliza kabla ya kazi kufanyika kwa kawaida hukaa kwenye akaunti ya amana, mbali na pesa za ofisi. Na ukimchoka wakili, unaweza kumwachisha siku yoyote na kudai jalada lako.

Kwenye mkutano wa kwanza nakushauri umuulize swali moja ambalo wateja hawaliulizi: "Kitu gani kibaya zaidi unakiona kwenye kesi yangu?" Wakili aliyesikiliza atakuwa na jibu. Anayesema hakuna shida, usijali, bado hajakusikiliza. Muulize pia ni nani hasa atakayeshika jalada lako, yeye au msaidizi, na ukiandika barua pepe utajibiwa baada ya siku ngapi. Wenzangu wengi, nami nikiwemo, huwa tunapoteza wateja kwa kutojibu simu kuliko kwa kushindwa kesi.

Kuna jambo la ndoa ambalo linahitaji utulivu. Wakili wa kesi kama yako kwa kawaida anawawakilisha wote wawili, wewe na mumeo. Hapo hakuna siri kati yenu mbele yake. Ukimnong'oneza jambo mumeo asilolijua na likawa linagusa kesi, hawezi kulificha na akaendelea kuwahudumia wote. Na maslahi yenu hayafanani kama mnavyodhani. Mumeo atatia sahihi fomu ya I-864, ahadi kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali kwa familia ya ukubwa wenu, na kwamba atakubeba usiwe mzigo. Ahadi hiyo haifi kwa talaka. Inakwisha ukiwa raia, ukifikisha robo 40 za kazi, yaani kama miaka 10, ukiondoka na kuacha ukaazi, au mmoja wenu akifariki. Mume anastahili kuyajua hayo kabla ya kalamu, na wewe unastahili kwenda mara ya kwanza peke yako, kabla yeye hajawa mteja, ukaseme yote. Naongeza, kwa yeyote anayesoma na ambaye nyumbani kwake kuna kipigo au vitisho vya "nitakufutia karatasi zako": mke au mume anayeteswa na raia au mkaazi wa kudumu ana njia ya kujiombea mwenyewe kwa fomu ya I-360, na mtesaji hapewi taarifa.

Kuhusu muda, nitapita haraka kwa sababu namba hubadilika kila mwezi na USCIS huzitangaza kwenye tovuti yake kwa kila fomu na kila ofisi. Mkituma, inakuja risiti yenye namba ya herufi 3 na tarakimu 10. Ihifadhi, ndiyo utakayotumia kufuatilia kesi mtandaoni. Kisha wito wa alama za vidole. Kibali cha kazi hutangulia, usaili hufuata, kwa kawaida baada ya miezi mingi. Ukihama, una siku 10 kuwaarifu kwa fomu ya AR-11, na usidharau hilo: kesi nyingi huanguka kwa barua iliyokwenda kwenye nyumba ya zamani.

Usaili wenyewe hauna kitisho kwa ndoa ya kweli. Mnaapa, afisa anapitia fomu swali kwa swali, anauliza mlikutana wapi, nani anaamka mapema, bili ya umeme iko kwa jina la nani. Wakili anakaa pembeni. Hawezi kukujibia, lakini anaweza kumwomba afisa arudie swali lililoeleweka vibaya, na anaandika kila kinachosemwa. Usijibu usichokijua. "Sikumbuki" ni jibu halali kama hukumbuki kweli. Na nenda na mkalimani kama Kiingereza chako kinayumba ukiwa na woga. Nimeona watu wanasema ndiyo kwa swali la kukamatwa na polisi kwa sababu walilisikia vingine.

Siku ukipewa ukaazi, ndoa ikiwa bado haijatimiza miaka 2, kadi yako ya kwanza itakuwa ya miaka 2 yenye masharti. Ndani ya siku 90 kabla haijaisha mnatuma I-751 kuondoa masharti. Weka tarehe hiyo kwenye simu, kwa sababu hakuna anayekukumbusha kwa uhakika. Uraia unaweza kuombwa baada ya miaka 3 ya ukaazi kama bado mnaishi pamoja, la sivyo ni 5.

Na ombi likikataliwa? Zamani mtu aliweza kukataliwa akaenda nyumbani akajipanga upya. Kwa mwongozo wa USCIS wa tarehe 28 Februari 2025, mtu aliyenyimwa na asiye na hadhi halali kwa kawaida huandikiwa wito wa kufika mbele ya jaji wa uhamiaji. Huko una haki ya wakili, lakini serikali haikulipii, tofauti na kesi za jinai. Ndiyo maana nakusisitizia ombi la kwanza liwe safi. Ukiwahi kuletewa wito huo, usikose siku ya kesi hata kama huna wakili bado. Asiyefika huamriwa kuondolewa nchini bila kusikilizwa.

Turudi kwa mama. Umekaa takriban mwaka na nusu baada ya ile miezi sita kwisha. Kwa sheria ya 1996, aliyekaa bila hadhi zaidi ya siku 180 akatoka nje ya Marekani hufungiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka 1 au zaidi hufungiwa kwa miaka 10. Kinachowasha adhabu hiyo ni kutoka. Ukiwa ndani, ndoa yako inaiweka kando. Ukipanda ndege leo, unaibeba begani, na utakaporudi kuomba viza ubalozini utahitaji msamaha wa kuthibitisha kwamba mumeo atapata taabu iliyopita kiasi. Juu ya hayo, tangu Juni 2025 yapo maagizo ya Rais yanayozuia au kubana uingiaji wa raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwemo, na orodha iliongezwa baadaye, kwa hiyo pasipoti unayobeba nayo ina neno lake.

Njia iliyopo ni hii. Mkishatuma I-485, mnaweza kuomba kibali cha kusafiri kwa fomu ya I-131. Ukitoka bila hicho kibali, ombi lako linahesabiwa umelitupa. Ukitoka nacho, bodi ya rufaa ya uhamiaji iliamua mwaka 2012 kwamba safari ya namna hiyo haiwashi ile miaka 10. Hata hivyo kibali hakimlazimishi afisa wa uwanja wa ndege kukuingiza, na mwenye doa jingine kwenye jalada anaweza kukwama, kwa hiyo usisafiri nacho mpaka wakili akisome pamoja na historia yako yote. Kwa ugonjwa wa mzazi unaweza kuomba kishughulikiwe kwa dharura, na hapo ushahidi ndio kila kitu. Mwombe ndugu aliye naye apate barua ya daktari yenye tarehe, ugonjwa, hali yake sasa, na jina la mama lililoandikwa kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa. Ikiwa ni ya Kiswahili, itafsiriwe yote kwa Kiingereza, na mtafsiri aandike chini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili, kisha atie sahihi. Siku ya miadi, hiyo iwe karatasi ya kwanza kuiweka mezani kwa wakili, kabla ya picha za harusi.